Wale Wanaobaki na Mizigo

Neno: 1 Samweli 30:21-25, Wafilipi 4:10-19



Nakuandikia Jumamosi usiku. Mama watoto amelala, na begi langu liko mlangoni. Kesho baada ya ibada ya pili mtatuwekea mikono, na Jumatatu alfajiri, Mungu akitujalia uhai, watu sita tutapanda gari la kanisa hapa Kitale kwenda Kapoeta, Sudan Kusini. Kabla sijalala nina deni moja la kulipa. Deni hilo ni shukrani, na sitaki kulilipa kwa kusema tu, "Mungu awabariki nyote," halafu niketi. Nataka kukuambia mlichonifanyia, maana wengine wenu hamjui.

Kwanza nikukumbushe tunaenda kufanya nini. Wengi mnaifahamu ile familia ya kutoka Sudan Kusini iliyokodi nyumba nyuma ya kanisa kwa miaka mingi. Kitale imepokea familia nyingi kama hiyo, vita vilipowasukuma huku, na watoto wao wakasoma na watoto wetu. Ndugu yetu huyo aliokoka hapa na kubatizwa hapa. Kisha akarudi kwao Kapoeta, katika jimbo la Equatoria Mashariki, na kuanza kukusanya watu chini ya mti. Walianza watano, nao wote walikuwa wa nyumba yake. Mwezi wa nane alinipigia simu akasema, "Pasta, watu wameongezeka na mimi nimefika mwisho wa yale niliyofundishwa. Njoo unisaidie." Sikutafuta maono mengine baada ya simu hiyo. Mtoto wa nyumba hii ameita.

Tunakwenda Januari kwa sababu huko ni kiangazi na njia zinapitika. Mvua ikianza, ule udongo mweusi hushika gurudumu na hauliachi. Lakini wewe na mimi tunajua Januari ni nini hapa Kenya. Ni ule mwezi tunaouita Njaanuari. Karo inadaiwa, sare hazijanunuliwa, na mahindi yaliyovunwa mwishoni mwa mwaka, wengi wameshayauza ili kulipa madeni ya mbolea. Katika mwezi huo ndipo ninyi mlipotoa. Mimi sikupokea salio la shibe. Nilipokea kitu kilichotolewa mezani pa watoto wenu, na nataka mjue kwamba nakijua hivyo.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Miaka sita iliyopita nilisafiri kwenda Uganda kwa mkutano wa injili, kupitia mpaka wa Suam. Wachache mnakumbuka. Sikuwaambia wazee wa kanisa hali yangu ya fedha. Sikumwambia mama watoto. Nilikopa elfu arobaini kwenye chama nikajiambia, "Mungu atafungua mlango." Nilijiona mtu wa imani. Gari tuliloazima lilituharibikia barabarani, nikalala ndani yake siku mbili, na usiku wa pili nikatambua jambo lililoniogopesha kuliko giza la pale: hakukuwa na mtu hata mmoja nyumbani aliyekuwa akiniombea kwa habari ya gari hilo, kwa sababu hakuna aliyejua. Nilikuwa nimejifungia nje ya maombi ya kanisa langu mwenyewe.

Niliporudi sikuweza kulipa. Watu wa chama walikuja nyumbani wakachukua viti. Mama watoto alijua habari ya mkopo siku ile viti vilipokuwa vikitolewa mlangoni. Aliwapisha wapite, kisha akaingia jikoni. Mpendwa, ile haikuwa imani. Kilikuwa kiburi kilichovaa nguo za imani. Nilitaka kutoa bila kupokea. Nilitaka kuonekana kama mtu ambaye Mungu peke yake ndiye humlisha, wakati Mungu alikuwa amekwisha kuweka chakula changu mikononi mwa ndugu zangu, nami nikaona aibu kuomba.

Kwa hiyo safari hii wazee waliniambia waziwazi, "Mchungaji, hutaenda peke yako na hutaenda kwa siri. Tutaandika mahitaji yote ubaoni." Nilikubali kwa shingo upande. Bado sikuwa nimejifunza kupokea. Aliyenifundisha ni nyanya mmoja.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya maombi ya mchana. Alinisubiri mpaka watu wakaisha, akafungua pindo la leso yake, akatoa shilingi mia moja na hamsini. Mnamfahamu, ndiye yule anayekuja akishikilia mkono wa mjukuu. Najua anaishi kwa nini, na najua anakunywa dawa za presha kila siku. Nikazirudisha mkononi mwake nikamwambia, "Mama, hizi nunua dawa. Utuombee tu, inatosha."

Hakuzishika. Akaketi kwenye benchi, akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekosa adabu. Akasema, "Pasta, wewe unaenda kwa miguu yako. Yangu mimi imekwisha. Nimemwomba Mungu tangu nikiwa msichana anitume mahali, na sikutumwa. Hii mia moja hamsini ndiyo miguu yangu. Sasa unanirudishia miguu?"

Sikuwa na jibu. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Niseme hapa ili mtu asinielewe vibaya. Siku ileile niliwaomba akina mama wa ushirika wake wahakikishe dawa zake hazikosekani, na wamefanya hivyo. Sadaka ya mjane si mahali pa mchungaji kufanyia biashara. Katika wiki zote hizi sikumwahidi mtu kwamba akitoa elfu moja atapokea elfu kumi, na ukisikia mtu akilitumia jina langu kusema hivyo, mkatalie. Lakini nilielewa kosa langu. Nilidhani namhurumia nyanya yule, kumbe nilikuwa nikimfungia mlango. Nilimhesabu kuwa mtu wa kusaidiwa tu, wakati Mungu amemhesabu kuwa mtumwa wake anayetumwa.

Usiku ule nilifungua 1 Samweli 30. Unaijua habari. Daudi na watu wake mia sita wanarudi Siklagi wanakuta mji umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Wanalia mpaka nguvu za kulia zinakwisha. Kisha wanaondoka kuwafuata adui. Wakifika kijito cha Besori, watu mia mbili wanashindwa kuvuka kwa uchovu. Wanabaki pale na mizigo, na mia nne wanaendelea na vita.

Tumezoea kuwahubiri wale mia nne. Lakini watazame wale mia mbili. Wao pia walikuwa wamepoteza wake na watoto. Wao pia walikuwa wamelia. Walitembea safari ileile mpaka ukingo wa maji, na mwili ukakataa. Hawakuwa wavivu wala waoga. Na mizigo waliyobaki nayo ilikuwa ya wote. Wale mia nne walikwenda kupigana wakiwa wepesi kwa sababu kuna mtu nyuma yao aliyekuwa ameketi juu ya mizigo yao.

Vita viliposhinda, wengine katika wale mia nne wakasema wasiopigana wasipewe nyara, wachukue wake na watoto wao waende zao. Daudi alikataa. Alisema aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo watagawana sawasawa. Wala hakuifanya kuwa fadhili ya siku moja; aliiweka kuwa sheria katika Israeli. Angalia pia sababu yake: alisema vile walivyopata ni vitu ambavyo Bwana amewapa. Kama ushindi ungekuwa wa wale mia nne, wangegawa wapendavyo. Lakini kama ni wa Bwana, hakuna mpiganaji mwenye haki ya kumnyima fungu mlinda mizigo.

Ndiyo sababu Paulo aliwaandikia Wafilipi vile alivyoandika. Anawakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada zaidi ya mara moja, na kwamba hakuna kanisa lingine lililoshirikiana naye wakati ule katika kutoa na kupokea. Halafu anasema kwamba shabaha yake si kile kipawa; anatafuta matunda yazidi katika hesabu yao. Hesabu yao, mpendwa, si ya Paulo. Mtu mmoja akiokoka Kapoeta, mbinguni haiandikwi kwamba pasta wa Kitale alimleta. Wanaandikwa wengi, na katikati yao nyanya wa mia moja na hamsini.

Kuna habari moja zaidi, na hii ilinigharimu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa fundi kuchukua gari. Tulikuwa tumekubaliana atengeneze springi na breki, na magurudumu ya nyuma tuyavumilie vilevile, maana fedha hazikutosha. Nikakuta magurudumu mapya manne. Nikamuuliza nani amelipa. Akasema ameambiwa asiseme. Nikamsihi, akakataa, lakini akatabasamu na kutazama upande wa pili wa barabara, kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo.

Nilijua ni nani. Ni ndugu aliyekuwa pamoja nasi tangu kanisa likiwa la mabati. Alituacha miaka miwili iliyopita kwa sababu ya mabishano juu ya ploti. Ninyi mlisikia kwamba aliondoka. Hamkusikia kwamba mimi, mbele ya wazee, nilisema neno juu ya uaminifu wake ambalo sikuwa na ushahidi nalo. Baadaye karatasi zilionyesha kwamba alikuwa amesema kweli. Niliwaambia wazee kwamba jambo limekwisha, tukasonga mbele. Yeye sikumwambia kitu.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza pale gereji lilikuwa kunyamaza. Si ametaka jina lake lisijulikane? Basi na libaki hivyo. Lakini yale maneno ya Bwana katika Mathayo 5 yalinifuata siku tatu, yale kuhusu mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Huambiwa aiache sadaka pale, aende kwanza apatane. Nami nilikuwa nabeba sadaka yangu mpaka Sudan Kusini, juu ya magurudumu ya ndugu mwenye neno juu yangu.

Jumatano jioni nilivuka barabara. Alikuwa anafunga hesabu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikutendea ubaya kwa kinywa changu, na ulipoonekana kuwa na haki sikuja kukuambia. Naomba unisamehe." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita kijana alete chai.

Tulikunywa chai. Tulizungumza juu ya barabara ya Lokichar na bei ya mbegu. Nilipoinuka kuondoka nikamshukuru kwa magurudumu. Akasema, "Sijarudi kanisani, Pasta. Usiende kuhubiri kwamba nimerudi. Lakini hao watu wa Kapoeta hawakunikosea kitu."

Siwezi kukupa mwisho mzuri kuliko huo, kwa sababu bado haujafika. Amenipa ruhusa nikuandikie haya bila jina. Ila nimejifunza kwamba kuna mtu aliyeumizwa na kanisa, na bado analinda mizigo ya kanisa. Ukimkuta sokoni, msalimie. Usimuulize atarudi lini.

Sasa hesabu, maana shukrani bila hesabu ni nusu shukrani. Mlitoa kwa jumla shilingi 174,350. Kutengeneza gari kumechukua 38,500. Mafuta ya kwenda na kurudi tumetenga 36,000. Biblia thelathini, za Kiswahili na za Kiingereza, kwa wale waliosoma shule huku kwetu, 27,000. Baiskeli mbili za kumwachia ndugu yetu na mwenzake ili wafike vijiji vya mbali, 26,000. Chakula na malazi ya watu sita, 31,000. Karatasi za safari, na chanjo ya homa ya manjano kwa wawili ambao hawakuwa na cheti, 9,600. Zimebaki 6,250 za dharura, ziko kwa mweka hazina wa safari, si kwangu. Risiti zitabandikwa ubaoni tukirudi. Zaidi ya hizo kuna magunia matatu ya mahindi na madebe mawili ya maharagwe.

Lakini kuna vitu ambavyo havikuingia kwenye hesabu. Vijana wa boda boda wa steji yetu, ambao wengi si washirika wetu, walichanga elfu moja wakaileta wakiwa na kofia zao mkononi. Jirani yetu Mwislamu mwenye duka alileta katoni mbili za maji na paketi za tende, akasema, "Huko Turkana jua halina mchezo, mchungaji." Dada yetu muuguzi ametumia siku zake za likizo ili aende nasi. Dada yetu Mturkana amekubali kuwa mkalimani, maana lugha ya Waturkana na ya Watoposa zinasikilizana, na ndugu yetu anasema akina mama wa kule watafurahi kuhubiriwa na mtu anayesema kama wao.

Na kuna hili. Binti yetu anaripoti shule ya bweni Jumanne, kwa mara ya kwanza. Mimi sitakuwepo. Nililibeba jambo hilo moyoni nikidhani hakuna anayelijua. Ijumaa, shemasi mmoja na mkewe walikuja nyumbani wakamwambia mama watoto, "Sanduku tutabeba sisi. Gari tumepata. Wewe utakaa na mtoto nyuma." Mkewe alikuwa amekwisha kuandika jina la binti yetu kwenye ndoo na kwenye blanketi kwa rangi isiyotoka. Nilitoka nje nikasimama kidogo penye migomba. Unaweza kuhubiri juu ya mwili wa Kristo miaka ishirini, halafu siku moja ukauona kwenye ndoo.

Mama watoto, najua utasoma hapa. Mara ile viti vilitoka nyumbani bila wewe kujua sababu. Safari hii wewe ndiwe uliyeandika mstari wa kwanza ubaoni. Asante kwa kunipa nafasi ya pili ya kwenda vizuri.

Mpendwa, labda unasoma haya na wewe hukutoa chochote. Labda karo imekumaliza, au umekuwa ukipita mbali na ubao ule kwa aibu. Usiingie kesho ukiwa umeinamisha kichwa. Sikuandika haya nikudai. Wale mia mbili wa Besori hawakuwa na kitu cha kutoa siku ile. Miili yao ilikuwa imekwisha. Walikaa tu mahali walipofika, wakalinda. Kama umefika mwisho wa nguvu zako, kaa hapo na ulinde. Nitakuambia namna.

Jumatatu, tunaposhuka Marich kuelekea Lodwar, tuombee barabara na dereva. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa mpaka mpakani, nasi tumeshauriwa tusitembee usiku. Jumanne, tukipita Kakuma na Lokichogio, ule mji ambao miaka ya 1990 ndege za misaada ziliruka kutoka hapo kwenda Sudan, tuombee njia ya Nadapal, ambako kumekuwa na mashambulizi ya barabarani. Jumanne hiyohiyo mwombee binti yetu na kila mtoto wa kanisa hili anayeripoti shule. Kuanzia Jumatano, waombee wale walio chini ya mti. Waombee wasituone sisi, wamwone Kristo. Niombee mimi nijue kuketi na kusikiliza, maana wale ndugu wamepita katika mambo ambayo sijayaona, na nina mengi ya kujifunza kwao.

Tena msiache kazi ya hapa. Wagonjwa watembelewe. Yule nyanya asikose mtu wa kumshika mkono Jumapili mjukuu akirudi shule. Ushirika wa nyumbani uendelee hata kama mko watatu. Tukikuta kanisa limesimama tukirudi, hilo nalo ni sehemu ya umisheni.

Zile mia moja na hamsini sikuzichanganya na nyingine. Niliziandika kwenye hesabu, kisha nikaweka za kwangu mahali pake, na zenyewe nimezifunga kwenye karatasi ndani ya Biblia yangu. Nimekusudia kununua kitu nazo Kapoeta, chumvi au sukari, nikitoe kwa mkono wangu kwa nyanya wa Kitoposa, na kumwambia imetoka kwa nani. Na nyanya wa hapa nitamletea habari za mahali miguu yake ilipofika.

Tuombe. Baba, asante kwa watu hawa. Walitoa katika mwezi wa njaa. Wajazie kila wanachokihitaji kwa kadiri ya utajiri wako, wala si kwa kadiri ya ahadi za wanadamu. Wanaokwenda, wafunike. Wanaobaki, wafunike vilevile. Walioumizwa nasi, waponye, na utufundishe kuvuka barabara. Siku ile ya kugawa, mtu asikose fungu lake. Katika jina la Yesu. Amina.

Tuonane kesho madhabahuni, mpendwa. Uje mapema, nataka kukushika mkono.

Mchungaji wenu.